Risasi nyepesi za mazoezi kwa .458 Win Mag: naweza kupunguza tu baruti?

MshikaMtutu

Wakuu habari zenu. Nina .458 Winchester Magnum ya boliti, niliichukua kwa ajili ya nyati na kwa kweli inapiga vizuri, kwenye usahihi sina lawama nayo hata kidogo. Shida yangu ni teke, yaani bunduki inavyorudi nyuma begani. Ile risasi ya kawaida ya kichwa cha greni 500 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kinachotoka kwa futi 2150 kwa sekunde, ukipiga za mwanzo mwanzo bado uko vizuri, ukiendelea kidogo bega linaanza kuuma, alafu kinachoharibika zaidi sio bega ni akili, unajikuta unafumba jicho na kusukuma bega mbele kabla hata kidole hakijamaliza kuvuta, na ukishaanza hivyo shabaha inakwenda kokote. Mtu huwezi kufanya mazoezi ya maana kwa hali hiyo na bunduki ya nyati bila mazoezi ni hatari kwako na kwa uliyeongozana naye.

Kujaza risasi mwenyewe najua, nina presi, nina mizani mbili na kipima mwendo, ila kazi yangu yote imekuwa kwenye kalibre ndogo na nafuata kitabu, sijawahi kutoka nje ya kitabu. Sasa nataka risasi ambazo naweza kupiga asubuhi nzima bila kuteseka, tuseme futi 1300 mpaka 1600 hivi.

Maswali yangu ni haya. Kwanza naweza kuchukua baruti hiihii ninayotumia kwenye kipimo kamili nikaikata nusu? Maana kwa mawazo ya kawaida baruti kidogo ni presha kidogo, lakini nimesikia watu wazima kabisa wakisema kupunguza sana ni hatari kama kuzidisha, sielewi inakuwaje. Pili vichwa, nibaki na greni 500 au nishuke, na vile vya kumimina vya madini ya risasi, yaani ledi, vinafaa? Tatu kuna wanaoweka kijazio juu ya baruti ili isitembeetembee ndani ya ganda, kuna wanaosema usithubutu. Nisaidieni kabla sijagusa kitu.

---

BarutiKavu

Karibu mkuu na umefanya vizuri kuuliza kwanza. Jibu la swali la kwanza ni hapana, usikate nusu, na sababu yake ni hii.

Baruti ya bunduki haichomeki kwa mwendo mmoja. Jinsi presha inavyopanda ndivyo inavyozidi kuwaka haraka, na baruti za taratibu zimetengenezwa ziwake vizuri pale tu ganda linapokuwa limejaa na kichwa ni kizito kiasi cha kuibana presha. Sasa ukiweka nusu kwenye ganda kubwa, baruti inalala chini kama mchanga kwenye chupa iliyolazwa, moto wa praima, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, unapita juu yake badala ya kupenya katikati. Baadhi inawaka, nyingine bado. Msukumo wa praima na ile baruti iliyowahi kuwaka unatosha kukitoa kichwa shingoni na kukisogeza mpaka kwenye michirizi ya mtutu, pale kinasita, ndipo baruti iliyobaki nayo inawaka yote nyuma ya mtutu ambao kwa muda ule ni kama umezibwa. Presha inaruka mpaka pale chuma hakijaundwa kuhimili. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika na wengi, japo mafundi bado wanabishana kuhusu hatua zake maana haitokei kila mara hata ukirudia kitu kilekile maabara. Ubaya wake ndio huo, unaweza kupiga nyingi zikawa sawa ukajiona umepata kumbe hujapata chochote.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa baruti za taratibu kwenye maganda makubwa yenye shingo nyembamba. .458 ganda lake ni karibu limenyooka na linatumia baruti za kati, kwa hiyo uko pazuri kidogo kuliko mtu wa kalibre za namna nyingine, lakini kanuni haibadiliki: usishuke chini ya kipimo cha kuanzia kilichoandikwa kitabuni, isipokuwa mtengenezaji wa baruti mwenyewe amesema baruti hiyo inaruhusu.

Na ipo iliyoruhusiwa. Hodgdon wametoa kanuni kwa baruti yao ya H4895: unachukua kipimo cha juu kabisa cha H4895 kilichoandikwa kwenye jedwali lao kwa kalibre yako na kwa kichwa chako, unazidisha kwa asilimia 60, hapo ndio unaanzia. Kwa mfano wa hesabu tu, jedwali likisema mwisho ni greni 70 basi unaanzia 42. Unapanda taratibu kutoka hapo mpaka upate mwendo unaoutaka na usahihi. Hushuki chini ya 60. Na ni H4895 peke yake, IMR 4895 ni baruti nyingine japo namba zinafanana, usije ukasema ni ndugu. Kama H4895 haijaorodheshwa kwa kalibre yako basi kanuni haikuhusu.

---

MzeeWaGreni

Naongezea kwa alichosema BarutiKavu kwa upande wa vichwa, maana mwenye .458 ana bahati ambayo wenye kalibre kubwa nyingine hawana.

Kipenyo cha kichwa cha .458 Win Mag ni inchi .458, na .45-70 ni inchi .458 hiyohiyo. .45-70 ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, kichwa cha ledi tupu cha greni 405 juu ya greni 70 za baruti nyeusi, ikitoka kwa futi 1300 na kidogo. Hiyo risasi iliangusha wanyama wakubwa sana na bado watu wanawinda nayo mpaka leo. Maana yake nini kwako, ni kwamba vichwa vyote vilivyotengenezwa kwa ajili ya .45-70, greni 300, 350, 405, vinaingia kwenye mtutu wako bila shida na ndivyo vilivyoundwa kwa mwendo huohuo unaoutaka. Ukijaza .458 kwa mwendo wa .45-70 umepata bunduki ya .45-70 ndani ya bunduki ya nyati.

Ila hapa pana mtego na naomba uusome mara mbili. Vichwa vya .45-70 koti lake la shaba ni jembamba, vimefanywa vichanue kwa mwendo mdogo. Ukivipandisha mpaka mwendo kamili wa .458 vinapasuka vikigonga nyama na havifiki ndani. Kwa hiyo ni vya mazoezi na kwa wanyama wa kawaida, nyati havimhusu kabisa. Na kinyume chake pia, kile kichwa chako kigumu cha nyati ukikipunguza mpaka futi 1400 hakichanuki, kinapita kama msumari na kikigonga jiwe kinaruka usikokujua.

Alafu usichukue kipimo cha .45-70 kutoka kitabuni ukakimimina kwenye .458 ukadhani ni kitu kilekile. Ganda la .45-70 ni inchi 2.1, lako ni inchi 2.5 na ndani lina nafasi zaidi. Nafasi tupu ikiongezeka uwakaji unabadilika. Tafuta vipimo vilivyoandikwa kwa .458 yenyewe, vipo, vitabu vingi vya kumimina risasi vina ukurasa wake.

Kuhusu vya kumimina, vinafaa sana na kwa mwendo wa chini ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Pima mtutu wako kwanza, kichwa kiwe kikubwa kuliko mfereji wa mtutu kwa elfu moja ya inchi, yaani kama mtutu ni .458 kichwa kiwe .459. Kikiwa kidogo gesi inapita pembeni, inayeyusha ledi na kuipaka ndani ya mtutu na kuitoa ni kazi ya siku nzima. Ukizidi futi 1400 au 1500 hivi weka vile vyenye kikombe cha shaba kitakoni. Fungua mdomo wa ganda kidogo kabla ya kupachika kichwa maana ukikisukuma kwenye mdomo uliobana unakikwangua, utaona utepe mwembamba wa ledi umejikunja pale juu, ukiuona huo ujue kichwa kimeshaharibika na hakitalenga. Na mtutu usafishe shaba yote kabla hujaanza kupiga vichwa vya ledi tupu. Ukimimina mwenyewe fanyia kazi penye hewa, usile wala kuvuta sigara hapo, osha mikono, sumu ya ledi inaingia mwilini polepole bila kelele.

---

HesabuKwanza

Naomba niweke namba za teke maana wengi wanakadiria tu.

Kinachorudisha bunduki nyuma ni uzito wa kichwa mara mwendo wake, ujumlishe uzito wa baruti mara mwendo wa gesi inayotoka mdomoni. Baruti nayo inahesabika, watu wanaisahau. Chukua kipimo kamili, greni 500 ni gramu 32.4, futi 2150 ni mita 655 kwa sekunde, baruti tuseme greni 72. Kwenye bunduki ya kilo 4.1 inarudi nyuma kwa karibu mita 6.8 kwa sekunde, nguvu yake ni kama juli 95. Kwa kulinganisha .30-06 ya kawaida iko kwenye juli 30 hivi, kwa hiyo unapigwa mara tatu ya .30-06.

Sasa weka greni 350 kwa futi 1500 na baruti greni 45 hivi. Bunduki ileile inarudi kwa mita 3.4, nguvu inashuka mpaka juli 24. Umeona hapo? Mwendo wa bunduki umepungua nusu lakini nguvu imekuwa robo, kwa sababu nguvu inakwenda na mwendo kipeo cha pili. Sasa uko chini ya .30-06 ndani ya bunduki nzito. Ndio maana nasema usihangaike kutafuta mwendo wa chini kupindukia, ukishuka tu mpaka 1500 na kichwa cha 350 teke limeshaisha nguvu na hujasogea karibu na ile hatari ya kwanza. Anayetafuta futi 900 kwenye .458 anatafuta matatizo mengine, hasa kama anatumia vichwa vyenye koti la shaba, koti linashika mtutu kwa nguvu na presha ikiwa ndogo sana kichwa kinabaki ndani.

---

FundiWaPresi

Wamesema vizuri wote ila kuna hatari ambayo mimi naiogopa kuliko hiyo ya BarutiKavu na hamjaigusa. Kujaza mara mbili.

Kuna watu wanapunguza kwa kutumia baruti za haraka, zile za bastola na za bunduki za marisau, Unique na ndugu zake. Zinawaka vizuri hata zikiwa kidogo, hilo ni kweli, na vipimo vipo vitabuni. Lakini kipimo chake ni kidogo mno ukilinganisha na ukubwa wa ganda la .458. Unaweza kuweka kipimo mara mbili ndani ya ganda moja, hata tatu, na kichwa kikakaa vizuri juu bila wewe kuona tofauti yoyote kwa nje. Mara mbili ya baruti ya haraka ni bunduki kupasuka, hapo hakuna bahati.

Kwa hiyo ushauri wangu chagua baruti inayojaza ganda kiasi kwamba ukikosea na kuweka mara mbili inamwagika mezani. H4895 kwa asilimia 60 inapita mtihani huu, 60 mara mbili ni 120, ganda halitabeba. Trail Boss ilitengenezwa kwa kazi hii hasa, punje zake ni kama vipete vyenye tundu katikati, ni nyepesi sana na zinajaza nafasi kubwa kwa uzito mdogo. Kanuni yake ni kujaza ganda mpaka pale kitako cha kichwa kitakapofika, unaipima, hicho ndicho kipimo cha juu, na asilimia 70 yake ndiyo ya kuanzia. Usiibane kamwe, ukizivunja zile punje inabadilika kuwa kitu kingine. Imekuwa adimu kwa muda kwa hiyo ukiikosa usishangae. Accurate 5744 nayo inafanya kazi nzuri kwenye maganda makubwa yenye nafasi na haijali sana imelala wapi, ila inaacha punje zisizoungua ndani ya mtutu, ukiziona usiogope ni tabia yake. Lakini haijazi kama Trail Boss, macho yako yasitoke kwenye maganda.

Utaratibu mezani: maganda yote yasimame kwenye ubao wake mdomo chini, ukichukua moja unaligeuza, unajaza, unalirudisha mdomo juu. Ukimaliza ubao mzima chukua tochi, pita safu kwa safu uangalie kila ganda, kina cha baruti kiwe sawa kote. Moja likionekana limepanda au limeshuka limwage, usibishane nalo. Baruti moja tu mezani kwa wakati mmoja, kopo lake liwe pale pale, nyingine zote kabatini. Simu weka chumba kingine.

---

Mtulivu_B

Naomba nijibu la kijazio maana mimi natumia na sijaona ubaya. Kipande kidogo cha nyuzi laini za dakroni, zile za kujazia mito, unakichambua kinakuwa chepesi kabisa, unakisukuma taratibu juu ya baruti kiishike ikae nyuma karibu na praima. Mwendo unakuwa sawa risasi kwa risasi, unaona kabisa kwenye kipima mwendo. Wanaopiga bunduki kubwa za mitutu miwili kwa baruti za kisasa kwenye maganda yaliyobuniwa zamani wamekuwa wakifanya hivi muda mrefu sana.

---

BarutiKavu

Mtulivu kaka, nakuelewa na najua inafanya kazi, ila kwa mtu anayeanza siungi mkono. Kuna mitutu imetengenezeka pete ndani, yaani sehemu ya chemba imevimba kama duara pale kilipokaa kitako cha kichwa, na nyingi ya kesi hizo ni za watu walioweka kizibo juu ya baruti kikaacha nafasi tupu kati yake na kichwa. Kizibo kile kinaruka kama nyundo kikagonga kitako cha kichwa ambacho bado kimesimama. Ganda linagoma kutoka, na kila ukipiga linagoma zaidi.

---

Mtulivu_B

Hapo umesema kizibo, mimi sisemi kizibo. Kadibodi au kitu kigumu hapana kabisa. Nyuzi zilizochambuliwa zijaze nafasi yote kuanzia baruti mpaka kitako cha kichwa, pasibaki pengo. Tofauti ni kubwa. Na kijazio kinaongeza presha, kwa hiyo ukikiongeza kwenye kipimo ambacho hakikuandikwa nacho unaanza upya kutoka chini.

---

BarutiKavu

Sawa, hapo tunakaribiana. Basi nimwambie hivi mwenye swali: chagua baruti isiyohitaji kijazio na utakuwa umeliondoa swali lenyewe. Ukitaka kujua kama unakihitaji kuna jaribio rahisi na kipima mwendo unacho. Risasi ikiwa ndani ya chemba, inua mdomo wa bunduki juu taratibu kuelekea kwenye kinga ya uwanja, ishushe polepole mpaka kwenye shabaha bila kuitikisa, piga. Hapo baruti ilikuwa nyuma kwenye praima. Ya pili fanya kinyume, inamisha mdomo chini kwanza, ipandishe polepole, piga, hapo baruti ilikuwa mbele kwenye kichwa. Rudia namna zote mbili mpaka upate wastani wa kueleweka. Kama mwendo unapishana kidogo, baruti haijali imekaa wapi na kijazio cha nini. Kama zinapishana futi mia na zaidi, au ukisikia bunduki inachelewa, yaani pini inagonga praima alafu kuna kamuda ndipo inalia, acha kipimo hicho palepale. Kuchelewa ni dalili ya ule uwakaji mbovu niliosema mwanzo.

---

MshikaMtutu

Wakuu nimejifunza kwa usiku mmoja kuliko miezi. Nimeamua H4895 na vichwa vya greni 350 vya .45-70, kipimo cha kuanzia kwa kanuni ya asilimia 60 kutoka jedwali la Hodgdon, kijazio naacha. Nimebaki na mawili. Moja, sikopu yangu imesetiwa kwa risasi kamili kwenye mita 50, hizi nyepesi zitagonga wapi? Mbili, nikisikia sauti ndogo isiyo ya kawaida nifanyeje?

---

HesabuKwanza

La kwanza huwezi kujua mpaka upige. Kwenye mita 50 kichwa cha futi 1500 kinashuka sentimita 3 hivi zaidi ya kile cha 2150 kwa sababu kinakaa hewani muda mrefu, lakini kinakaa muda mrefu ndani ya mtutu pia, na wakati kiko ndani bunduki inaanza kuinuka kwa teke, kwa hiyo kinaweza kutoka mdomo ukiwa umeshapanda. Hivyo vitu viwili vinavutana. Unaweza kukuta nyepesi inapiga juu, au kushoto. Kwenye mita 100 kushuka kunashinda, tegemea sentimita kumi na zaidi chini. Usiguse sikopu. Piga kundi, pima imegonga wapi kutoka pale ulipolenga, andika, lenga kwa kufidia. Ukianza kuzungusha vifundo vya sikopu kila mara siku moja utaingia porini na bunduki iliyosetiwa kwa risasi ya mazoezi.

---

FundiWaPresi

La pili: ukisikia puf, au teke halijaja kabisa, simama. Mdomo ubaki kwenye kinga, hesabu nusu dakika au zaidi bila kufungua boliti maana inaweza kuwa inachelewa tu. Kisha fungua, toa ganda, toa boliti yenyewe, angalia mtutu kutoka nyuma mwanga uonekane mpaka mbele. Usiangalie kwa sikopu, usiseme labda imetoka. Kama kuna kichwa kimekwama kitolewe kwa fimbo ya shaba na mafuta, ukishindwa mpelekee fundi wa bunduki. Risasi ya pili nyuma ya kichwa kilichokwama ndio inapasua mitutu. Uwe na fimbo kwenye begi lako kila unapokwenda uwanjani.

Na tenganisha risasi zako. Hili kwangu ndio kubwa kuliko yote. Nyepesi na kamili za .458 zikiwa kwenye ganda la aina moja zinafanana mno. Tumia ganda la kampuni moja kwa nyepesi na nyingine kwa kamili, paka praima za nyepesi rangi ya kucha nyekundu, kichwa chenye ledi wazi mbele kwa nyepesi. Boksi tofauti, lebo ya tarehe, baruti, kipimo na mwendo. Siku ya kuwinda boksi la mazoezi lisiingie hata kwenye gari. Mtu akifyatua nyepesi kwa nyati aliyejeruhiwa anayekuja, hakuna cha kurekebisha hapo.

---

Kapteni416

Samahani naingilia, mimi nina .416 Rigby, haya yote yananihusu au ni ya .458 tu?

---

MzeeWaGreni

Yanakuhusu ila una mambo mawili ya ziada. Ganda lako ni kubwa sana na limejengwa kwa baruti za taratibu, kwa hiyo ile hatari ya kupunguza ni yako hasa, usiguse baruti ya taratibu chini ya kitabu hata greni moja. Angalia kama kuna kipimo chepesi kilichochapishwa kwa .416 Rigby yenyewe, kama hakipo usibuni. La pili, .458 ina mkanda nyuma ya ganda na huo ndio unaolizuia ganda ndani ya chemba. .416 Rigby haina mkanda, inazuiwa na bega la ganda. Risasi nyepesi presha yake haitoshi kulinyoosha ganda nyuma, pini na praima vinalisukuma mbele, bega linarudi nyuma kidogo kidogo kila unapolitumia. Ukilichukua ganda hilohilo ukalijazia kipimo kamili lina nafasi ya kunyooka kupita kiasi na linaweza kukatika karibu na kitako. Maganda ya nyepesi yabaki ya nyepesi mpaka yafe.

---

Mtulivu_B

Mkuu MshikaMtutu kuna kitu hatujakwambia kuhusu kufumba macho. Risasi nyepesi peke yake haziondoi, zinakupa nafasi tu ya kuondoa. Mwambie mwenzako akujazie magazini wewe hutazami, achanganye nyepesi na risasi bandia zisizo na kitu. Ukivuta kwenye bandia utaona kwa macho yako mdomo wa bunduki unazama chini, hapo ndio utajua ukubwa wa tatizo. Endelea mpaka mdomo utulie. Piga ukiwa umesimama au umeegemea fimbo tatu, sio umekaa kwenye meza, mezani mwili hauna pa kwenda teke lote linaishia begani. Alafu kila mwisho wa mazoezi maliza na kamili chache, mbili tatu zinatosha, mwili ujue kwamba ile nyingine ipo.

---

MshikaMtutu

Nimeandika yote kwenye daftari la kujazia. Swali dogo la mwisho kwa Mzee, hivi vya greni 350 nikiwa na H4895 kidogo hivyo, nibane mdomo wa ganda kwenye kichwa au niache?

---

MzeeWaGreni

Bana, na ubane vizuri kwenye ule mfereji uliochorwa kwenye kichwa. Kichwa kikishikwa kwa nguvu baruti inapata muda wa kuwaka sawasawa kabla hakijaondoka, na mwendo wako utatulia. Hakikisha tu maganda yote yana urefu mmoja, yakipishana mengine yatabanwa sana na mengine hayatabanwa kabisa, kwa hiyo yapime na kuyakata kabla hujaanza. Na uhakikishe leseni yako na sheria ya ulipo inaruhusu kujaza na kuhifadhi baruti kiasi hicho. Ukishapiga kundi la kwanza weka namba za kipima mwendo hapa tuzione.